Neno Aliloliruka

Kitu cha kwanza alichonifundisha yule mama ni kukunja shuka za hospitali zikiwa bado na unyevu kidogo, ili uzito wake wenyewe uzinyooshe na tuokoe mkaa wa pasi. Cha pili ni kwamba Waitaliano hawaruhusu vitenzi viwili kushikana mikono ovyo.

"Sisi kwetu ni rahisi," aliniambia, ameshika pembe mbili za shuka na mimi nimeshika mbili. "Nataka kula, naanza kula, naacha kula, naogopa kula. Hiyo ‘ku’ inatosha kila mahali. Wao hapana. Wao wanaweka kineno katikati, na kila kitenzi kina kineno chake. Ukianza, unaweka *a*. Ukiacha, unaweka *di*. Haya, sema: naanza kufua."

"Comincio lavare."

"Comincio *a* lavare. Umekiruka. Sasa sema: naacha kufua."

"Smetto a lavare."

"*Di!* Smetto *di* lavare. Unaacha, binti, huanzi. Ukiwaambia hivyo watakuelewa, lakini watakuonea huruma, na mimi sitaki mwanafunzi wangu aonewe huruma."

Hapo ilikuwa miaka ya sabini, katika hospitali ya misheni juu ya kilima upande wa Karatu, mahali ambapo ukungu ulikuwa unakaa mpaka saa nne asubuhi na matope mekundu yalikuwa yanang'ang'ania viatu kama mtoto. Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi, nimetoka Endabash, sijawahi kuona barafu wala bahari. Madaktari walikuwa wakija kutoka Italia, wanakaa miaka michache, wanajifunza salamu na majina ya vyakula, kisha wanaondoka. Wagonjwa walikuwa wakulima wa huku kwetu, wengi wao wazee wasiojua ila Kiiraqw, na wafugaji kutoka upande wa Ngorongoro ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye bei ya ng'ombe. Katikati ya wote hao alisimama yeye. Alikijua Kiiraqw kwa kuzaliwa, Kimaasai kwa kukua nao jirani, Kiswahili kama sisi sote, na Kiitaliano kwa njia nitakayoieleza. Tulimwita Mkalimani, na hata watoto wa majirani zake walimwamkia hivyo: shikamoo Mama Mkalimani.

Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu anayebeba kuni. Alivaa koti la kiume rangi ya majivu, iwe baridi isiwe baridi, na viatu vyeusi vizito vya kitawa ambavyo fundi alivitia soli mpya kila vilipotoboka. Alinusa ugoro na alificha kibweta chake kila Sista Mkuu alipopita, ingawa Sista Mkuu alijua, na yeye alijua kwamba Sista anajua. Alifika kazini kwa kuchelewa karibu kila siku, kisha akakukaripia wewe kwa kuchelewesha sentensi. Alilima ngano na maharage, na mashamba yake yalikuwa na magugu ya kutia aibu. Lakini shuka zake zilikunjwa kama kitabu.

Kuhusu Italia alikuwa na maelezo matatu. Wote tulijua kwamba masista walimpeleka huko akiwa msichana ili awe mtawa, kwamba alikaa kwenye nyumba yao ya malezi miaka kadhaa akifanya kazi ya dobi, na kwamba alirudi bila shela. Padre alipomuuliza kwa nini, alijibu kuwa baridi ilimshinda kifua. Wanawake wa jumuiya walipomuuliza, alisema hakuweza kulala bila kusikia ng'ombe wanatafuna nje ya ukuta. Mimi nilimuuliza siku tuliyokuwa tunakata mashuka makuukuu kuwa bandeji. Alichana vipande viwili vitatu kwanza.

"Nilichoka kusema ndiyo kwa lugha ya watu," alisema. "Katika lugha ngeni, ndiyo ni rahisi mno. Ni hapana inayodai sarufi."

Sijui ipi kati ya sababu hizo ilikuwa ya kweli.

Darasa lake lilikuwa chumba cha kufulia, baada ya chakula cha mchana, wagonjwa wakiwa wamepumzika. Tulikuwa wauguzi wanne au watano. Tulihitaji Kiitaliano kwa sababu dawa zilikuja na maelezo ya Kiitaliano, na kwa sababu Sista Mkuu akikasirika alisahau Kiswahili chote. Mkalimani alitufundisha kwa kuimbisha. Kundi la *a*: naanza, naendelea, najifunza, naenda, nafaulu. Kundi la *di*: namaliza, naacha, nasahau, naahidi, naogopa. Na wale wachache wasiohitaji kitu, kama kutaka. "Mwenye kutaka hana subira ya kineno," alisema, "anakirukia kitenzi cha pili moja kwa moja."

Tulicheka sana siku zile. Alikuwepo mhudumu mmoja wa wodi ya wanaume, kijana mpole, aliyeambiwa na Sista agawe supu kisha aje kutoa taarifa akishamaliza kula yeye mwenyewe. Akaenda akasema, "Ho finito *per* mangiare la minestra." Alitaka kusema amemaliza kula supu. Lakini kwa kile kineno *per* alikuwa amesema kwamba, baada ya mambo yote, ameishia kula supu. Sista akaelewa kwamba supu ya wagonjwa imeliwa. Alikimbilia wodini na mwiko mkononi. Mkalimani alipoitwa kusuluhisha alicheka mpaka akakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa, halafu ghafla akawa mkali, akamwambia yule kijana: "Umeona? Herufi tatu tu, na umekuwa mwizi."

Kuna kitenzi kimoja kilichomsumbua mwenyewe. Ni kutumaini. Kutumaini, alisema, kilipaswa kuwa upande wa *a*, pamoja na kuanza na kufaulu na kwenda. Lakini Waitaliano wamekiweka na *di*, pamoja na kuacha na kuogopa. Spero *di* guarire, natumaini kupona. Ho paura *di* morire, naogopa kufa. Alipokuwa huko alimuuliza mtawa mmoja mzee kwa nini, na yule mtawa akamjibu, "Mwanangu, hii ni sarufi, si katekisimu." Alitusimulia hilo zaidi ya mara moja, na kila mara alionekana hajaridhika na jibu.

Pia alitofautisha kujaribu na kujaribu. Kiswahili kina neno moja, wao wana mawili. *Provare a*, alisema, ni kama kuonja chumvi, unagusa uone. *Cercare di* ni kutafuta, ni mtu anayepapasa gizani akijua kitu kipo ila hajui kama atakishika. Daktari wetu wa miaka ile, mwanamume mwembamba mwenye ndevu nyekundu, alipenda hicho cha pili. Kila ugonjwa alisema *cerchiamo di*, tutafute namna ya kufanya hivi, tutafute namna ya kufanya vile. Mkalimani alimheshimu kwa hilo. "Huyu haahidi," alisema. "Anatafuta."

Kazini alikuwa na tabia moja ambayo ni lazima niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote. Alipotafsiri hakusema "Daktari anasema." Alisema "mimi." Daktari akisema nataka kukupasua, yeye alimwambia mgonjwa, "Nataka kukupasua." Mgonjwa akisema mgongo unaniuma, alimgeukia Daktari na kumwambia kwa Kiitaliano, mgongo unaniuma. Alifundishwa hivyo huko ng'ambo, na aliamini ndiyo heshima. Mzee mmoja wa Endabash, jirani ya baba yangu, alishtuka akashika ukingo wa kitanda.

"Wewe mama ndiye utakayenipasua?"

"Hapana, baba. Mimi si mimi. Mimi ni Daktari."

"Na Daktari ni nani?"

"Daktari ni yule pale."

"Basi aseme yule pale!"

Tuliimba maneno hayo wodini wiki nzima. Yeye mwenyewe alikuwa na msemo aliotupa kama kanuni: "Sikio kwanza, mdomo baadaye, moyo ubaki nyumbani." Nilimwamini. Nilidhani mtu anayeweza kugombana nawe nusu saa kwa ajili ya *di* hawezi kamwe kuugusa moyo wake akiwa kazini.

Asubuhi moja ya masika Landrova ya bwana mifugo ilipanda kilima ikiteleza. Nyuma alikuwamo mwanamke mchanga wa Kimaasai kutoka Kakesio, amelala juu ya ngozi, na mumewe amempakata kichwa. Mume huyo aliitwa Saning'o. Uchungu ulikuwa umemshika mkewe siku nyingi kuliko inavyofaa. Mtoto alikuwa amelala mkingamo. Wakunga wao walikuwa wamefanya yote wanayoyajua, na ni kwa bahati tu kwamba bwana mifugo alipita huko kwa ajili ya chanjo ya ng'ombe.

Mimi nilikuwa ndani nachemsha vyombo vya upasuaji. Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia Daktari akizungumza haraka huku ananawa mikono, maji yakimwagika: "Digli che cercheremo *di* salvarla. Lei e il bambino. Presto." Mwambie tutajaribu kumwokoa, yeye na mtoto, upesi. Nilikisikia kile *di* wazi kabisa, kama mwanafunzi anavyosikia jibu analolijua. Kisha nilimsikia Mkalimani akisema kwa Kimaasai, lugha nisiyoijua. Sentensi yake ilikuwa fupi. Nje, injini ya Landrova ilikuwa bado inanguruma, maana bwana mifugo alitaka kurudi kabla mvua haijakata njia. Muda mfupi baadaye nilisikia gari likiondoka, na mwanamke akaingizwa ndani.

Mtoto alitolewa hai, msichana, mdogo, mwenye sauti kubwa. Mama alianza kutoka damu na hakuacha. Daktari alifunga mkono wake mwenyewe mpira, akatoa damu yake, akarudi mezani akiwa mweupe kama ukuta. Jua lilipoanza kushuka yule mwanamke alikuwa amekufa. Mkalimani ndiye aliyetoka kumwambia Saning'o. Nilimwona kupitia dirishani akisema naye, na nilimwona yule mume akimtazama mdomo, si macho, kama mtu anayengoja neno lingine litoke.

Mama yake Saning'o alikuja kumlea mjukuu, na kwa kuwa mtoto alihitaji maziwa ya hospitali, yule bibi alikaa wiki nyingi nyumbani kwa Mkalimani. Wanawake hao wawili walilala chumba kimoja. Kisha bibi akaondoka na mtoto mgongoni, na tukadhani mambo yamekwisha.

Kiangazi kilipoingia Saning'o alirudi, na wazee wawili wa ukoo wake. Walikaribishwa barazani. Sista Mkuu alileta chai. Daktari alipewa kiti, nami niliitwa kwa sababu nilikuwa nimemhudumia marehemu. Mkalimani alisimama katikati kama siku zote, mikono ndani ya koti. Yote waliyosema wale wafugaji niliyajua kupitia Kiitaliano chake, na naamini hakuacha hata neno moja.

Mzee mkubwa alisema kirefu, bila kupaza sauti. Mkalimani akamgeukia Daktari:

"Mimi ni mtu mzima na sikuja kugombana. Kijana wangu anataka kujua jambo moja. Siku ile ulimwambia, Nitamwokoa. Hukusema Mungu akipenda. Hukusema nitajaribu. Kwa neno hilo akaliachia gari liondoke. Nakuuliza: kwenu, mtu akisema nitafanya, kisha asifanye, anaitwaje?"

Daktari aliwiva uso. "Mimi? Sikusema hivyo kamwe. Nilisema tutajaribu. *Cercheremo di*. Sisemi kitu kingine maishani mwangu! Mwambie."

Pale barazani hapakuwa na mtu mwingine aliyejua Kimaasai na Kiitaliano pamoja. Angeweza kuwaambia wazee chochote. Angeweza kusema Daktari anaomba radhi, na wazee wangeipokea, na Daktari asingejua ameomba. Nilimtazama. Alitoa mikono kwenye koti.

"Ni kweli hukusema," alimwambia Daktari. "Nilisema mimi."

"Mimi yupi?" Daktari alichanganyikiwa, kwa ile tabia yake ya kutafsiri. "Mimi wewe au mimi mimi?"

"Mimi. Huyu aliyesimama hapa."

Kisha akawageukia wazee akasema hayo hayo kwa Kimaasai. Niliona yule mzee mdogo akiweka kikombe chini.

Saning'o hakuwa amesema neno tangu afike. Sasa alisema, na Mkalimani akatafsiri, akamjibu, akatafsiri na jibu lake mwenyewe, kama mtu anayeshona kidonda chake.

"Ananiuliza: katika lugha yetu neno la kujaribu halipo? Nimemwambia lipo. Nilijua lilipo. Nililiruka."

"Kwa nini?" Daktari aliuliza, na nadhani Saning'o aliuliza hivyo hivyo, kwa sababu Mkalimani aliwajibu wote wawili kwa pamoja, nusu huku nusu kule.

"Kwa sababu ulikuwa unalitazama gari. Niliona ukisikia ‘nitajaribu’ utampakia umrudishe."

 Saning'o aliposema tena hakumtazama mtu. Mkalimani alianza kutafsiri kwa sauti yake ya kazi, iliyonyooka.

"Nililitazama gari kwa sababu mama yangu alikuwa nyumbani, nami nilimhitaji. Mke wangu aliniuliza, Wamesemaje? Nikamwambia, Wamesema utapona. Akaacha kuogopa. Akaniachia mkono." Hapo Mkalimani alirudisha mikono ndani ya koti, akaendelea. "Uongo wako niliusema mimi. Kwa mdomo wangu mimi. Yeye alikufa akiwa ameusikia kutoka kwangu."

Mzee mkubwa akasema kitu kifupi. "Na mtoto je?" alitafsiri Mkalimani.

"Kwa mtoto nashukuru," lilikuwa jibu la Saning'o. "Simzungumzii mtoto."

Daktari alisimama. Alimwambia Mkalimani kwa Kiitaliano, polepole, "Ungeniambia."

"Ningekuambia lini, Dottore? Ulikuwa unanawa mikono."

Daktari akaingia wodini, hakurudi. Wazee walijitanda mashuka yao, wakaaga kwa adabu, wakashuka kilima. Chai ilibaki kwenye vikombe.

Tangu siku ile Mkalimani aliondolewa kwenye kutafsiri. Hakufukuzwa, alirudishwa dobi, kazi aliyoianza maishani. Daktari aliagiza kwamba yeyote atakayetafsiri aseme "Daktari anasema," na tukasema hivyo. Watu waligawanyika. Padre alisema uongo ni uongo hata ukivaa koti la huruma. Wanawake wa Endabash walisema kama si uongo ule maiti zingekuwa mbili, na baadhi yao walipofikwa na uchungu walimtaka awe karibu. Hakwenda. Nilimuuliza, na si mara moja, kama angeweza kurudi nyuma angefanyaje. Siku moja alisema, "Ningefanya vile vile, na ningesema kwa sauti kubwa zaidi." Siku nyingine, tukiwa tunaanika, alisema, "Nisingefungua mdomo. Ningemwacha Daktari aoneshe kwa vidole."

Darasa aliliendeleza kwa muda, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha. Alikuwa anatuimbisha vitenzi bila sentensi, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Nilipomwomba atupe mfano wa mgonjwa alikataa. "Chukueni mifano ya kufua," alisema. Baadaye akaacha kufundisha, na mwishoni akaacha kazi yenyewe, akabaki na shamba lake la magugu.

Mwaka ule mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa na watalii walikuwa adimu, lakini siku moja gari la Waitaliano liliharibika pale Karatu, barabara ya kwenda Ngorongoro. Mwanamke mmoja kati yao alikuwa analia, anashika tumbo, na dereva hakujua anasema nini. Watu wakakimbia kumwita Mkalimani shambani. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja sokoni. Alifika na jembe lake. Alisimama akasikiliza kila kitu, uso wake ukifuata maneno yao kama mtu anayefuata wimbo wa kwao. Kisha akamwambia dereva kwa Kiswahili, "Mwanangu, lugha hiyo siijui," akageuka. Mimi ndiye niliyemsaidia yule mwanamke kwa Kiitaliano changu cha dobi, nikipapasa kila kineno. Nilimkasirikia Mkalimani. Nilidhani ni kiburi. Sasa nadhani ilikuwa hofu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa kwenye timu ya chanjo za watoto. Ilikuwa miaka ya shida, sabuni hakuna, mafuta ya gari kwa kibali, lakini tukipata petroli tulikwenda mbali. Safari moja ilitufikisha Kakesio. Mwenzetu aliyejua Kimaasai alishikwa na homa njiani tukamwacha kwenye zahanati, tukaendelea tukisema kutapatikana mtu. Tulipofika kwenye boma kubwa, akina mama walikuwa wameshakusanyika na watoto wao, na kati yao, ameketi juu ya kigoda, mvi zimejaa, alikuwa Mkalimani.

Sikuwa nimemwona muda mrefu. Alinieleza kwamba kila baada ya mavuno anapanda lori na maharage na mahindi yake, anakuja kwa yule bibi, anakaa mwezi, anarudi. Bibi humpa maziwa na mahali pa kulala.

"Na Saning'o?" nilimuuliza.

"Ananipita. Hajanisalimia hata mara moja. Boma ni lake, angeweza kunifukuza, hajanifukuza."

"Sasa unakuja kufanya nini, mama?"

"Kukaa," alisema.

Nilimwomba atutafsirie. Alitikisa kichwa. Akina mama walikuwa wanaanza kunong'ona, barafu kwenye kisanduku chetu ilikuwa inayeyuka. Saning'o alikuwa amesimama kando na wanaume wengine, amezeeka usoni kuliko umri wake. Alimwambia mama yake jambo, na bibi akamgusa Mkalimani goti. Mkalimani alinitafsiria bila kupenda: "Saning'o anasema niseme. Anataka kusikia."

Akasimama. "Haya. Niambie."

"Waambie sindano hii itamkinga mtoto na surua."

Hakuwageukia. Alinitazama mimi. "Itamkinga, au huenda itamkinga?"

"Mama, barafu inayeyuka."

"Nimekuuliza."

Nilisema ukweli. "Wengi itawakinga. Wachache haitawakinga. Na wengine watapata homa siku mbili tatu."

Akawageukia, akasema yote hayo, bila haraka, na kwa namna walivyokunja nyuso najua hakuacha kitu. Akina mama kadhaa waliinuka, wakawafunga watoto migongoni, wakaondoka. Nilisikia hasira inanipanda. Surua ilikuwa imeua watoto huko Enguserosambu, nilikuwa nimewaona mwenyewe, macho yao yamefungwa kwa usaha.

"Umewafukuza," nilimwambia.

"Nimewaambia."

Ndipo Saning'o alipomsemesha Mkalimani. Nilijua ni yeye anayesemeshwa kwa sababu wanaume wengine waligeuza shingo kutazama. Yalikuwa maneno machache. Mkalimani hakutafsiri, hata nilipomgusa kiwiko. Alijibu, akanyamaza, akaongeza jingine. Bwana mmoja kijana aliyesoma kidogo shule ndiye aliyenieleza kwa Kiswahili: Saning'o alimuuliza, wewe ungekuwa na mtoto ungemchoma? Akamjibu, ningemchoma, na ningeogopa.

Saning'o akageuka, akaita. Msichana mdogo, ambaye hajafikia hata umri wa kuchunga ndama, alitoka nyuma ya bibi, akaja akijikokota. Nilimchoma. Alilia kwa sauti kubwa. Baba yake alimpakata na kuondoka naye, hakusema kitu tena, si kwangu wala kwa mwingine. Akina mama waliokuwa wamebaki wakasogea mmoja mmoja, na kazi ikaendelea mpaka kisanduku kikawa maji matupu.

Tulipowasha gari, wale walioinuka walikuwa bado wamesimama ng'ambo ya zizi, watoto migongoni, hawaji na hawaondoki. Sikujua surua itawakuta wangapi kati yao. Nilimtafuta Mkalimani nimuage. Alikuwa ameshatoka kwenye kivuli cha boma, anatembea kuwaendea, peke yake, bila maneno ya mwingine ya kutafsiri.